Parokia Maana Yake Nini?

Kila Jumapili twasema "parokia yetu" bila kuuliza neno hilo limetoka wapi. Limetoka kwa Wayunani, yaani Wagiriki. Waliunganisha para, maana yake "kando", na oikos, maana yake "nyumba". Paroikia kwao ilikuwa makao ya mtu akaaye katika mji usio wake. Walatini wakalichukua, ndipo Wafaransa wakapata paroisse na Waingereza parish. Hata Barua ya Kwanza ya Petro (1:17) yatumia neno hilo kwa maisha yetu yote hapa duniani.

Basi tuutazame mji wetu wa Kamina. Reli ya kutoka Bukama mpaka Ilebo ilifunguliwa mwaka 1928, na ile ya kwenda Kabalo mwaka 1956. Kwa reli watu walikuja kutoka pande zote, wakajenga. Na kwa reli hiyo hiyo, miaka ya 1992 na 1993, watu wengi wa Kasai waliondoka walipofukuzwa Katanga.

Majuzi mama mmoja mzee alifariki. Alikuwa amekaa na kusali nasi miaka mingi. Tulipoanza kuchanga fedha za sanduku, mmoja alisema: "Azikwe na watu wa kwao." Mimi katekista nilinyamaza, nikiogopa ugomvi. Kumbe neno katekista nalo ni la Wayunani! Latokana na kupaza sauti ili isikike sikioni mwa mwenzako. Ndivyo walivyoita kufundisha kwa mdomo. Siku ile sikio la nani lilisikia sauti yangu?

Mtu atauliza: Je, asili ya neno yatulazimisha? Hapana. Maneno hubadilika, leo parokia ina mipaka yake, paroko wake na daftari lake la ubatizo. Asili ya neno si amri. Lakini yaweza kutukumbusha jambo tulilolisahau, nalo ni kweli hata kama neno lisingekuwapo: sisi tujiitao wenyeji, babu zetu nao walifika siku moja, na sisi pia tutaondoka.

Mama yule alizikwa; majirani wachache walichanga. Nilisimama makaburini nikaona haya. Ndugu zangu, mtu akisema tena, "Huyu si wa kwetu", tusinyamaze. Tumwambie kwa upole kwamba katika parokia sote tu wageni, na amfukuzaye mgeni amejifukuza mwenyewe.