Haijawahi Kufunguliwa

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekalia tairi kuukuu kwenye gereji moja ya Kitengela, kule ndani ambako lami inaisha na udongo mweusi unaanza, nikisubiri Corolla yangu. Ilinizimikia Ijumaa jioni kilomita chache kabla ya kufika Isinya. Haikukohoa, haikutoa moshi. Ilinyamaza tu, na malori ya kwenda Namanga yakaendelea kunipita yakinitikisa na upepo wao. Mkanda wa taimingi ulikuwa umekatika. Fundi aliponiuliza ulibadilishwa lini mara ya mwisho, nilijikuta nakuna kichwa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa kufanya hesabu ubaoni.

Gereji ile haina gazeti wala televisheni, lakini mabishano hayakosekani. Siku hiyo wateja tulikuwa wanne, na ubishi ulikuwa uleule ambao msomaji ameusikia kila mahali penye wanaume na boneti iliyo wazi: gari gani halifi?

Mmoja ana Land Cruiser ya pikapu, hubeba mbuzi kutoka soko la Ilbissil, na kwake magari mengine yote ni vitu vya kuchezea watoto. Wa pili ni jirani yangu, mzee wa makamo ya kuitwa babu, ambaye bado anaendesha Pijo 504 ya pikapu. Rangi yake iliwahi kuwa buluu. Sasa ni kama anga la Kajiado mwezi wa Februari. Wa tatu ni kijana wa Probox anayebeba abiria kati ya Kitengela, Isinya na Kajiado. Huyu ndiye aliyeshinda ubishi, na ushindi wake haujanitoka kichwani wiki nzima.

"Hii gari niliitoa Mombasa kabla sijaoa," alisema, akiipiga boneti kofi kama mtu apigavyo ubavu wa fahali wake. "Sasa mtoto wangu yuko gredi ya nne. Haijawahi kufunguliwa. Hata siku moja!"

Tukatikisa vichwa kwa heshima. Nchi hii hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Ukitaka kuuza gari, unasema injini haijawahi kufunguliwa, na ukiona mnunuzi bado anasitasita unaongeza kwamba mwenye gari ni mama mmoja mwalimu, hulipeleka kanisani tu na kulirudisha. (Huyo mama ameuza magari mengi sana Kenya hii. Ningependa siku moja nionane naye.)

Fundi hakusema kitu. Alikuwa chini ya ile Probox, miguu tu ndiyo inayoonekana. Tukasikia spana ikilegeza nati, kisha tukangoja mlio wa oili kugonga karai. Haukuja. Nikainama kutazama. Kilichokuwa kikishuka kilikuwa cheusi na kizito, kinajivuta polepole kama uji wa wimbi uliolala sufuriani. Fundi alichovya vidole viwili, akavisugua, akatoka chini ya gari, akamwonyesha mwenyewe.

"Hii ulibadilisha lini?"

"Huwa naongeza," kijana akajibu.

Huwa naongeza! Alisema bila aibu wala wasiwasi, kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya. Taa ya oili ikiwaka kwenye dashibodi, anasimama, anamimina nusu lita, anaendelea. Na gari linawaka. Kesho asubuhi litawaka tena. Hapo ndipo ilipo shida yangu na mjadala wote huu wa magari yasiyokufa.

Tuseme ukweli kuhusu Probox. Toyota waliitoa mwaka 2002 iwe gari la kazi: gari la mfanyabiashara wa Japani anayepeleka sampuli za bidhaa kwa wateja wake, akiwa peke yake, kwenye lami laini kama kitambaa cha meza. Halina urembo, na halikuahidi urembo. Injini yake ya lita moja na nusu hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, kwa hiyo lile nililosahau mimi, kijana hana haja ya kulikumbuka. Kwa sheria yetu ya uagizaji, gari lililotumika haliingii nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo linashuka bandarini likiwa limeshatumika kule lakini limetunzwa, na sisi tunaanza kula akiba ya utunzaji wa mtu mwingine. Tunaipa hiyo akiba jina la ubora wa gari.

Kisha tunaipandisha watu tisa. Wakati mwingine kumi, wawili kwenye buti wakiwa wamekumbatia kuku. Tunaipitisha kwenye murramu, mvua ikinyesha tunaipitisha kwenye ule udongo wetu mweusi unaoganda kwenye magurudumu mpaka yanakataa kuzunguka, na jioni tunairudisha kwenye barabara ya Namanga ikimbizane na trela zinazowahi mpaka. Bushi zinaliwa, shokabsoba zinavuja, breki zinaanza kulia kisha zinanyamaza, maana hata chuma huchoka kulia. Injini haijali hayo. Inawaka.

Pijo ya jirani yangu haikuwa hivyo. Sisi tuliokua miaka ya sabini na themanini tunaikumbuka 504: ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978, na ikaunganishwa Mombasa kwenye kiwanda cha AVA mpaka miaka ya mwanzo ya 2000, wakati Wafaransa wenyewe walishaanza kuisahau. Ile ya abiria, yenye viti vya safu tatu, ilitupeleka mashambani kabla ya matatu za nisani kuzagaa, na dereva wake alikuwa mtu wa kuamkiwa. Lakini ukiisahau, ilikununia. Kabureta ikishika uchafu, asubuhi inakataa kuwaka. Maji yakipungua kwenye rejeta, inachemka mbele ya watu na kukuaibisha. Waliounda injini yake walijua itafunguliwa, ndiyo maana slivu za silinda zake huchomolewa na kuwekwa nyingine, kama mtu abadilishavyo mpini wa jembe bila kutupa jembe.

Mzee wangu ameifungua mara tatu. Nilimwuliza palepale, na akahesabu kwa vidole bila kusita: mara ya kwanza mwaka wa ndoa ya binti yake mkubwa, mara ya pili baada ya ukame uliomaliza ng'ombe wake, mara ya tatu juzijuzi. Kwenye kisanduku cha dashibodi anaweka daftari la Kasuku lililokunjika kama kitunguu kilichooza, kalamu imefungwa kwa uzi. Nilishalifungua siku moja aliponipa lifti. Kila ukurasa una mistari mitatu iliyopigwa kwa rula: maji, oili, upepo. Chini yake tarehe na namba za kilomita, na hapa na pale maneno machache kama "plagi mbili" au "fundi amedanganya". Hilo la fundi limepigiwa mstari.

Kijana wa Probox alicheka aliposikia mara tatu. "Mzee, hiyo si gari, hiyo ni mgonjwa wa kulazwa!"

Mzee hakukasirika. Alisema, "Ng'ombe hapelekwi josho kwa sababu ameanguka." Kisha akairudia chai yake.

Sitaki msomaji adhani naandika sifa za magari ya zamani. Pijo inakunywa petroli kama harusi inavyokunywa soda, na spea zake sasa hutafutwa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kwa kuulizia duka hadi duka kama mtu anayetafuta jamaa aliyepotea. Mwenye biashara ya kubeba abiria leo akinunua Pijo, nitamshauri aende kuombewa. Toyota ni gari bora kuliko ile. Ni bora mno, na ubora wenyewe ndio uliotuharibu. Pijo ilikuadhibu wewe mwenyewe, mapema, ukiwa bado uko nyumbani. Toyota inasamehe. Inasamehe oili, inasamehe filta, inasamehe mizigo, na kila msamaha unatufundisha kwamba hakukuwa na kosa.

Zamani gari bovu lilibaki uani kwa sababu halikuwaka. Leo injini inaishi kuliko breki. Gari ambalo lingestahili kulala linaamka saa kumi na moja alfajiri na kwenda stejini, zima kabisa upande wa kuondoka, limekwisha kabisa upande wa kusimama. Tunaposema gari halifi, ningependa tuulizane tunazungumza kifo cha nani.

Najua atakayeninyooshea kidole. Ataniambia: mwandishi, wewe una mshahara na wikendi. Huyu kijana ana mkopo wa sacco, ana mtoto wa gredi ya nne, na Probox ikilala gereji siku moja kuna chakula kinacholala dukani. Wengi wao hata si wenye magari. Mwenye gari yuko mahali anangoja hesabu ya jioni, na hesabu haijui neno sevisi. Unamwambia abadilishe oili, atakuuliza ni nani atakayelipa.

Hoja hiyo ni nzito, na siwezi kuipita kama vile haipo. Lakini niliuliza bei palepale. Oili na filta havikuzidi anachokusanya siku moja ya soko. Na Pijo ya jirani yangu haikununuliwa na tajiri: ilinunuliwa kwa fahali na mbuzi, ikalipa karo za watoto sita kwa kubeba maziwa na ngozi. Kama umaskini ndio unaozuia utunzaji, mzee asingekuwa na lile daftari. Umaskini unaleta hofu ya gari kuharibika. Kilichomwondolea kijana hofu hiyo ni imani kwamba gari lake haliwezi kuharibika, na imani hiyo tumempa sisi, tuliotikisa vichwa pale alipoipiga boneti kofi.

Tena hata huko nje, magari yaliyoingia kwenye vitabu vya rekodi hayakuwa ya kutofunguliwa. Kulikuwa na dereva wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliyeendesha Mercedes 240D ya mwaka 1976 kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 kampuni ikaichukua na kuiweka kwenye makumbusho yake. Ukisikia hivyo unadhani ni chuma cha ajabu. Kumbe injini ilitolewa na kubadilishwa mara nyingi, moja ikifanya kazi nyingine ikitengenezwa. Na Joginder Singh wetu, aliyeshinda Safari mwaka 1965, alishinda kwa Volvo iliyokuwa imeshatumika kabla ya kufika mikononi mwake. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mbio. Sidhani kama kuna aliyemsikia akijisifu kwamba hajawahi kuifungua.

Basi mimi nimeshafika mahali pangu. Mtu akiniambia gari lake lina miaka kumi na mitano na halijawahi kufunguliwa, namsikiliza kama ninavyomsikiliza mtu mzima anayejisifu kwamba hajawahi kupimwa presha. Huenda ni mzima. Huenda ana bahati. Lakini asinipakie mgongoni mwake tukimbie mpaka Kajiado.

Fundi alimaliza Probox kabla ya Corolla yangu, maana abiria hawangoji. Kijana alikubali oili mpya kwa shingo upande, tena baada ya mzee kumtania kwamba atamchangia lita moja. Filta alikataa: ile iliyopo, alisema, bado ni nzuri. Akalipa, akapiga honi mara mbili, akatokomea kuelekea stejini huku gurudumu la nyuma likitoa mlio mwembamba kila anapokanyaga breki. Nikamwuliza fundi kama ameusikia.

"Nimeusikia."

"Sasa mbona hukuangalia breki?"

Alikuwa anafuta spana kwa kitambaa, moja baada ya nyingine, akizipanga kwa ukubwa.

"Aliniletea oili. Breki hakuniambia."

Nikatazama Corolla yangu, boneti imefungwa tayari, mkanda mpya ndani yake, mkanda wa zamani umetupwa chini kama ngozi ya nyoka. Nikamwuliza, sauti ikiwa imeshuka kidogo, kama zangu ameziangalia.

"Wewe pia uliniambia mkanda tu, mzee."