Dubu Aliyekuwa Akila kwa Utulivu

Mwishoni mwa Agosti, Alaska huwa imeshaanza kugeuka rangi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Denali vichaka vya chini huwa vyekundu, mierebi ya kando ya mito huwa ya manjano, na wapenda picha huifuata rangi hiyo kabla theluji haijaifunika. Tarehe 24 Agosti 2012, mwanamume mmoja aliyekuwa akitembea peke yake alimwona dubu karibu na mto Toklat. Akatoa kamera.

Siku hiyohiyo wapita njia walikuta mkoba umetelekezwa kando ya mto, na karibu yake nguo zilizoraruka na damu. Wakarudi kutoa taarifa. Kamera ilipopatikana, picha zake zilionyesha kwamba yule mwanamume, kabla ya kuuawa, alikuwa amempiga picha dubu yule kwa zaidi ya dakika saba, akiwa umbali usiofika mita 100. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1917, na huyo ndiye mtu wa kwanza kujulikana kuuawa na dubu ndani yake. Kesho yake dubu naye akapigwa risasi.

Simlaumu marehemu, Mungu ampumzishe. Nasimulia kwa sababu kila mmoja wetu anayependa kamera angeweza kuwa yeye.

Hakuwa mjinga wa mambo. Kabla ya kupewa kibali cha kulala porini alifundishwa kuhusu dubu, na kanuni ya wakati huo ilimtaka akae mbali naye mita 400 hivi. Kwa hiyo onyo la kwanza alikuwa nalo kichwani. La pili lilikuwa majira yenyewe: wakati huo dubu hula karibu kutwa nzima ili anenepe kabla ya usingizi wa baridi, na hapendi kusumbuliwa penye chakula. La tatu, hakuwa na mwenzake wa kumshika bega na kumwambia, "Ndugu yangu, tuondoke."

Onyo la nne ndilo linalonitia hofu zaidi, maana halikufanana na onyo hata kidogo. Katika picha zile dubu anaonekana akila, hana dalili ya hasira. Utulivu huo ndio unaotuponza. Tunaona mnyama hajali, tunajipa ruhusa ya picha moja zaidi, kisha nyingine. Jicho likiwa kwenye kamera halioni pembeni wala halipimi umbali. Tunawaza mwanga tu, na kama mnyama atainua kichwa. Lakini dubu kama yule hukimbia kilomita 50 na zaidi kwa saa. Mita 70 kwake ni sekunde tano, na mkoba hauvuliwi kwa sekunde tano.

Tusidhani ni mambo ya Alaska tu. Agosti 2018, ukingoni mwa Ziwa Naivasha, mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko alipokuwa akipiga picha. Kiboko naye, akitazamwa kwa mbali, anaonekana mzembe asiye na haraka.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuinua kamera fanya jambo moja dogo. Nyosha mkono wako mbele, simamisha kidole gumba, funga jicho moja. Kama kidole hakimfuniki mnyama mzima, umemkaribia mno. Rudi nyuma polepole, na picha iwe ndogo. Kwa mnyama kama dubu, ongeza umbali hata kidole kikimfunika. Na ukitoka na wenzako, chagueni mmoja ambaye siku hiyo hatashika kamera kabisa. Kazi yake iwe kumtazama mnyama, kutazama saa, na kujua njia ya kurudi. Akisema imetosha, teremsheni kamera papo hapo, hata kama mwanga ndio kwanza umekuwa mzuri.