Bado Mmoja

Ofisini kwetu mwenye siku ya kuzaliwa hujihadhari tangu asubuhi. Akikatiza tu koridoni, ndoo ya maji inamsubiri. Keki inakuja baadaye, akiwa amelowa chapachapa. Mwaka huu nilipotimiza miaka 50, wanangu waliniepusha na ndoo hiyo. Walichanga wakanilipia safari ya Misri, na siku yenyewe ikaangukia kwenye ziara ya kundi ya kutwa nzima, Giza na Kairo, mwongozaji na chakula cha mchana vikiwemo.

Tuliambiwa saa moja asubuhi. Basi dogo likaja saa mbili na nusu, na badala ya kushika njia ya Giza likaanza kuzunguka hoteli baada ya hoteli kuokota wenzetu: wanandoa wapya kutoka India, familia ya Wabrazili yenye watoto wasiotulia, na mzee wa Kijerumani aliyeishikilia ratiba yake kama hati ya kiwanja. Mwongozaji, kijana ambaye sauti ilikuwa imeshamkauka hata jua halijapanda, alisimama mlangoni akituhesabu kwa kidole, kisha akatamka maneno ambayo tungeyasikia mpaka jioni: bado mmoja.

Piramidi ya Khufu nimeiona. Ina miaka kama 4,500, ilipokamilika ilikuwa na kimo cha mita 146 hivi, na mawe yake hukadiriwa kufika milioni 2.3. Tulipewa nusu saa. Sehemu kubwa ya nusu saa hiyo ilichukuliwa na mwenye ngamia, ambaye bei yake ya kupanda ilikuwa moja na ya kushuka nyingine. Mtoto mmoja wa wale Wabrazili akapotea, akaja kupatikana kando ya gari la polisi anakula aiskrimu. Sphinx tukaitazama dirishani, gari likitembea.

Ajabu ni kwamba madukani muda haukukosekana. Duka la manukato lilipata saa nzima, la karatasi za mafunjo likapata zaidi. Aliyewahi kupanda mabasi haya anajua sababu: mwongozaji ana fungu lake katika kinachouzwa. Muuzaji alimenya bua mbele yetu, akalichana vipande vyembamba, akavipanga wima na ulalo, akavikandamiza. Utomvu wake wenyewe, alisema, ndiyo gundi. Mimi ni mtu wa Mwanza. Kwetu mafunjo ni ya kusukia mikeka na ya kuwaudhi wavuvi. Hapa yanauzwa kwa dola, yamechorwa uso wa Tutankhamun. Nikajigamba kwa mwongozaji kwamba hata Nile yao inatoka ziwani kwetu. Akacheka. “Asante, mama, lakini maji mengi yanatoka Ethiopia.” Na ni kweli, basi nikanyamaza.

Humo dukani ndimo nilimomkumbuka Merer. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walifukua Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, karatasi za mafunjo zenye maandishi ambazo ni kongwe kuliko zote zilizopata kuonekana. Baadhi yake ni daftari la kazi la Merer, msimamizi wa kikosi cha watu kama 40 waliosafirisha kwa mashua mawe ya chokaa kutoka Tura hadi Giza, piramidi ya Khufu ikijengwa. Leo tumepakia, leo tumeteremka na mto, usiku tumelala mahali fulani. Nikamtazama yule kijana mlangoni, kidole hewani, midomo ikicheza. Kazi ile ile.

Hasira zikanipungua. Mimi ni kifungua mimba. Nimelea wadogo zangu, nikalea wanangu, sasa nasimamia wafanyakazi. Maisha yangu yote ni kujua nani hajala, nani hajafika, nani hapokei simu. Wa mwisho kunihesabu mimi alikuwa marehemu mama, ambaye hakufunga mlango usiku mpaka vichwa vyote viwe ndani. Watu hudhani siku ya kuzaliwa mtu anataka kutukuzwa. Wengine tunataka siku moja tu ambayo kujua nani hayupo ni shida ya mtu mwingine, hata kama kazi yenyewe anaifanya ovyo. Simu yangu haikuwa na bando, na sikumwambia yeyote ndani ya basi kwamba siku ile ilikuwa yangu.

Jioni tukaachiwa Khan el-Khalili. Nikazama kwenye kichochoro cha wauza taa za shaba, nikakaribishwa chai ya nanaa, nikabishana bei kwa Kiarabu cha madrasa ambacho muuzaji alikifurahia kuliko alivyokielewa. Mara nikasikia mtu anaita “Mama Tanzania!” huku anakimbia, jasho linamtoka. Bado mmoja alikuwa mimi. Ndani ya basi mzee wa Kijerumani alinionyesha saa yake. Nikamwonyesha taa yangu.

Kushuka hotelini kijana akaomba bakshishi, akaomba pia nimwandikie maneno mazuri mtandaoni. Bakshishi nilimpa. Mtandaoni niliandika kwamba maduka yapunguzwe, Sphinx watu washuke waione, na kwamba kuhesabu anajua.