Mafuta Yasipakwe Kwenye Ngoma

Wapo watu wanaoamini kwamba kila msuguano ni adui. Nyumba njema ni isiyo na ubishi, ofisi nzuri ni isiyo na maswali. Mimi nasema hapana, na shahidi wangu ni mashine.

Chukua ule mkanda mrefu wa mpira unaobeba makaa ya mawe migodini. Huku kwetu Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makaa si kitu kigeni. Kiwira kule Ileje inajulikana. Mkanda wa namna hii hupita juu ya rola nyingi, na mwisho wake huzungushwa kwenye ngoma ya chuma inayoendeshwa na mota. Fundi wake ana vita na msuguano usiku na mchana. Vumbi likiingia kwenye beringi, rola inakwama, inageuka tupa, inausaga mkanda huku yenyewe ikilika. Kwa hiyo fundi huzikinga beringi na vumbi, huzitia grisi kwa kiasi, huunyoosha mkanda usiende upande, hukwangua uchafu ulioganda, na hupunguza kimo cha kuangushia mzigo.

Si mambo ya kuchezea. Tarehe 26 Septemba 1950, katika mgodi wa Creswell huko Uingereza, mkanda ulichanika ukakwama mahali pa kumwagia mzigo, joto la msuguano likawasha moto. Wachimbaji 80 wakafa.

Basi si tumwage mafuta kila mahali tumalize kazi? Thubutu! Yamwage kwenye ile ngoma uone. Ngoma itazunguka, mota italia, na mkanda utabaki palepale ukiungua. Kumbe mkanda hauvutwi na mnyororo wala meno. Unavutwa na msuguano tu, mpira ukiishika ngoma. Ndiyo maana mafundi huivika ngoma hiyo mpira ili ishike zaidi. Msuguano ni uleule: kwenye rola ni mwizi, kwenye ngoma ni mtumishi.

Sasa tutoke mgodini twende barabarani. Tunduma ni mji wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Zamani lori lilikaguliwa upande wetu, kisha likakaguliwa tena Nakonde. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja, ili lori lisimame mara moja. Huo ndio ufundi wa rola: msuguano usiozaa kitu umepunguzwa, ukaguzi wenyewe umebaki.

Lakini penye foleni yoyote duniani hakosekani mjanja wa kunong'ona, "Bwana mkubwa, si tulainishe kidogo?" Anayetoa ana utetezi wake: mzigo unaoza, watoto wanangoja, mambo nimeyakuta hivi. Simcheki. Aliyelala siku tatu chini ya lori anajua uchungu wake. Ila namwuliza: mafuta hayo unayamwaga wapi? Ungeyapeleka kwenye rola, foleni ingepungua kwa wote. Wewe umeyapeleka kwenye ngoma, kwenye lile swali la mkaguzi: umebeba nini, ushuru umelipa? Swali hilo ndilo linaloivuta nchi. Likiteleza, karatasi zitazunguka, mihuri itagongwa, na nchi itabaki palepale.

Tena kuna baya zaidi. Rola iliyokwama haitatengenezwa kamwe, maana kukwama kwake kumekuwa mradi wa mtu. Na anayelika ni nani? Ni yule asiye na cha kutoa. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mpokeaji na mtoaji pia. Wengi tunaiona inamwonea mtoaji. Mimi naona imeelewa mashine: mafuta hayajimwagi yenyewe.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, kabla hujaomba kulainishiwa jambo, jiulize: hiki kinachonisugua kinanila au kinanivuta? Foleni ya bure inakula. Tuipigie kelele hadharani mpaka irekebishwe. Swali la haki linavuta, hata likiuma. Mhariri anayekurudishia hadithi yako mara tatu naye anavuta. Mwache akusugue. Ukimlainisha, hadithi itatoka upesi, lakini haitafika popote.