Safari ya Mjini na Mtoto wa Maskini

Kila zikaribiapo likizo, walezi wa vijana katika parokia zetu hutuletea ombi lile lile: tuwape shauri jinsi ya kuwapeleka vijana mjini kwa gharama ndogo. Kwa watu wa Bugarama na vijiji vya jirani mji huo ni Mwanza. Vijana waliozaliwa na kukulia kati ya mashamba ya mpunga na vifusi vya machimbo wamesikia habari za Ziwa, meli na majumba kutoka kwa wakubwa wao, nao watamani kuyaona kwa macho yao wenyewe. Tamaa hiyo si mbaya. Bwana Wetu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili alipanda kwenda mjini katika msafara wa watu wa kwao, na Mwinjili Luka atusimulia jinsi alivyobaki Hekaluni na wazazi wake wakamtafuta siku tatu. Wazazi hao, tusisahau, walikuwa watu wa hali ya chini: walipomtolea Hekaluni akiwa mtoto mchanga sadaka yao ilikuwa ile ya ndege, iliyowekwa kwa ajili ya wasioweza kununua mwanakondoo. Msafara ule basi ulikuwa na maskini ndani yake, wala hatusomi popote kwamba mtoto wa Nazareti aliachwa nyumbani kwa kukosa mchango.

Hapo ndipo penye shida yetu. Twaweza kuwajibu walezi kwa hesabu tupu za nauli na chakula, lakini ndani ya hesabu hizo limo swali la haki, na mara nyingi halionekani mpaka madhara yamekwisha kutokea.

Tuchukue jambo tulilolishuhudia upande huo wa Bugarama. Kikundi kimoja kilikuwa na vijana 30. Wazee wa kikundi walipatana na mwenye kosta shilingi 450,000, kwenda na kurudi. Wakagawanya kwa 30, wakatangaza kwamba kila kijana atoe 15,000, chakula mbali. Hesabu ilikuwa sahihi, na tangazo lilisomwa kwa upole. Katika wiki ya kwanza walijitoa vijana watano. Hakuna aliyetaja fedha: huyu alisema ana mgonjwa nyumbani, yule ameitwa na mjomba wake, mwingine alidai kwamba mji haumpendezi. Gari likabaki na bei yake ile ile, kwa hiyo nauli ya vijana 25 ikapanda kuwa 18,000. Kwa bei hiyo mpya wakaanguka saba wengine, maana kijana aliyejikakamua mwezi mzima kupata 15,000 hakuwa na mahali pa kuokota 3,000 za nyongeza. Wakasafiri 18, kila mmoja kwa 25,000. Walirudi usiku wakiimba. Miongoni mwa wale 12 waliobaki nyumbani alikuwamo mmoja mwenye sauti ya kupendeza katika kwaya, naye hakuonekana tena kanisani kwa muda mrefu.

Sasa twauliza: nani aliyekosa? Mwenye gari hakudhulumu. Wazee hawakumfukuza mtu. Wale 18 hawakumcheka mwenzao. Kila mmoja aweza kusimama mbele ya padre na kusema kwa ukweli kwamba hakukusudia ubaya wowote. Hata hivyo vijana wa kikundi kimoja, waliobatizwa kwa maji yale yale, walitenganishwa katika makundi mawili, wenye uwezo na wasio na uwezo, na waliotenganishwa wenyewe walifahamu vema jambo hilo. Je, kosa laweza kuwapo mahali ambapo hakuna aliyekusudia kukosa?

Mtume Paulo alikutana na jambo la namna hiyo kule Korintho. Wakristo wa mji ule walipokusanyika kwa chakula cha Bwana, wenye nacho walitangulia kula vyao, na waliochelewa, pengine kwa kuwa walikuwa watumwa na vibarua, wakakuta vyombo vitupu. Hakuna aliyemwibia mwenzake, maana kila mmoja alikula alichokileta. Paulo hakuwasifu kwa sababu hiyo. Aliwaambia kwa ukali kwamba wanalidharau Kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Kwa maoni yetu neno hilo la kutahayarisha lina uzito kuliko neno la njaa. Njaa ya siku moja hupita. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyetahayarishwa mbele ya wenzake hubeba jambo hilo miaka mingi, na mara nyingi hulibeba mbali na kanisa.

Katika nchi yetu hii ya dhahabu hatari hiyo ni kubwa zaidi. Katika benchi moja la kanisa huko Bugarama aweza kuketi mtoto wa mwajiriwa wa mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, ambaye baba yake hupokea mshahara kila mwezi. Na mtoto wa mkulima, ambaye fedha huingia nyumbani kwao wakati wa mavuno tu. Na mtoto wa mchimbaji mdogo, ambaye baba yake leo duara limetoa na kesho hana hata chumvi. Tena kuna watoto ambao wao wenyewe huonekana kwenye makarasha na mialo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini mwetu, wakishika zebaki kwa mikono mitupu, na wilaya za Geita na Kahama zilikuwamo miongoni mwa zile zilizochunguzwa. Sheria yakataza kazi hizo za hatari kwa mtu aliye chini ya miaka 18, lakini twajua yanayotendeka. Kwa kijana wa namna hiyo safari iliyotangazwa kuwa ya bure bado ina gharama, yaani ujira wa siku moja ambao nyumbani kwao wanautegemea kwa unga. Mlezi asiyekwenda kuzungumza na mama yake kijana huyo hawezi kusema kwamba amemwalika.

Kwa hiyo twasema waziwazi: mchango wa safari upimwe kwa uwezo wa yule aliye maskini kuliko wote kikundini. Kama hana kitu, basi mchango wa mtu mmoja mmoja usiwepo kabisa. Na kama kwa njia hiyo Mwanza haifikiki mwaka huu, heri kikundi kizima kiende Geita kuliko nusu yake kufika Ziwani.

Twajua watakaotupinga. Mzazi mmoja atasema: nimefanya kazi kwa jasho, kwa nini mwanangu azuiwe na umaskini wa jirani? Twamheshimu mzazi huyo, na haki yake hatuigusi. Ampeleke mwanawe Mwanza Jumamosi yoyote aipendayo, amnunulie chochote kimpendezacho. Lakini safari inayotangazwa altareni na kuitwa safari ya vijana wa parokia ina masharti mengine. Mwingine, mwenye moyo mwema, atasema: wasio na uwezo wajitokeze, tutawasamehe. Huyo ajiulize kama yeye mwenyewe, alipokuwa na umri ule, angesimama mbele ya wasichana na wavulana wenzake na kusema, mimi ndiye nisiyekuwa nacho.

Wazee wetu Wasukuma walikuwa na njia iliyo bora. Kulima kwa kikundi, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo, ndiko kulikozaa ngoma ya Bugobogobo ambayo hata leo yachezwa kwa majembe mikononi. Shamba la mtu lililimwa na kundi zima, na malipo yakawa ya kundi. Vijana 30 wakipalilia mpunga au kuvuna karanga Jumamosi kadhaa, fedha ikaingia katika sanduku moja, hakuna atakayejua ni jembe la nani lililoleta shilingi ipi. Mtoto wa bwana mwenye mshahara atashika jembe sawa na wengine, na kusema kweli huenda likamfaa kuliko safari yenyewe. Twaongeza onyo moja tu: kazi hiyo iwe ya shamba na ya kiasi, isiwe ya mawe wala ya mashimo, wala isiwaondoe darasani.

Kuna njia ya pili, ya mfadhili. Katika machimbo hakosekani mtu aliyebahatika, naye husema, padre, usihangaike, gari nalipa mimi. Wako wengi wa namna hiyo waliosaidia makanisa yetu kwa moyo safi, nasi hatuwadharau. Fedha yake ipokelewe, ila kwa sharti: iingie katika sanduku lile lile kimyakimya, pasipo fulana zenye jina lake, wala hotuba kabla ya gari kuondoka, na hasa isiwe katika mwaka wa uchaguzi. Mtume Yakobo alikwisha kutuonya juu ya mtu aingiaye kusanyikoni na pete ya dhahabu akapewa kiti cha mbele. Msaada ulipwao kwa shukrani za hadharani humtia maskini aibu ile ile tuliyotaka kuiondoa.

Chakula kipikwe nyumbani na kichanganywe. Makande ya usiku, viazi, karanga, matobolwa, na maji ya kunywa katika madumu, vyatosha kwa siku moja, na vyote viandaliwe mahali pamoja. Fedha ya mfukoni ndiyo huvunja umoja mara tu gari linaposimama kwenye maduka: watano hushuka kununua soda, na wengine hutazama dirishani. Ama asichukue mtu, ama wote wapewe kiasi kimoja kutoka sandukuni.

Na mjini wataona nini bila fedha? Mengi kuliko wanavyodhani. Wakipita njia ya Geita na Sengerema watavuka lile daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025. Kabla yake watu walingoja kivuko, na wagonjwa waliopelekwa Bugando walingoja pamoja nao. Ng'ambo ya daraja, si mbali, ipo Bukumbi, ambako mapadre wa Kardinali Lavigerie walifungua misioni mwaka 1883. Hapo mlezi awasimulie habari za Kabaka Mwanga. Mfalme huyu, aliyewaua mashahidi wa Uganda, alinyang'anywa kiti chake mwaka 1888, akakimbilia kusini mwa Ziwa, na waliompa hifadhi hapo Bukumbi ni mapadre wale wale ambao wanafunzi wao aliwachoma moto. Vijana wakae chini ya mti na kujadiliana kama wao wangemfungulia mlango. Mazungumzo hayo hayana kiingilio.

Wakiingia mjini, waone soko la samaki la Mwaloni Kirumba, waone kilima cha Bugando na hospitali yake, na walio katika kidato wapelekwe Malimbe kukiona Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, wajue kwamba mahali hapo hapakutengwa kwa watoto wa wengine. Kisiwa cha Saanane ni kizuri, na raia hutozwa kidogo kuliko mgeni, ila kuna kiingilio na mashua. Sanduku ndilo liamue. Vijana watataka pia kuingia Rock City Mall, na walezi wengine hukunja uso. Sisi hatuoni ubaya. Kutazama vioo vya maduka ni bure, na kijana aliyefunzwa vema aweza kutoka humo pasipo kununua wala kutamani kupita kiasi. Asiyeweza, heri ajue mapema.

Mahali pamoja tungependa wasipaache: makaburi ya Igoma, walikozikwa watu waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa kufika Mwanza. Meli ile ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Mamia walikufa. Vijana waombe hapo, na mlezi asiwe na haraka.

Twasema hivyo kwa sababu nyingine pia. Njia iliyo nyepesi ya kupunguza nauli ni kuwabananisha vijana 45 katika gari la 30, au kuwapandisha juu ya fuso wakishikilia kamba. Tumeona mambo hayo yakifanywa kwa nia njema kabisa, ili asiachwe mtu. Kumbe umaskini hapo umelipwa kwa maisha ya watoto, na huo si uwekevu. Yatupasa kubana matumizi katika chakula, katika fulana, katika picha. Gari lenye breki na kiti cha kila mmoja lisibanwe. Dereva asiwe yule aliyekesha, na vijana wasirudishwe usiku wa manane. Heri kuondoka saa kumi alfajiri na kukiona kituo kimoja pungufu.

Neno la mwisho ni juu ya wanaopanga. Hesabu hizi zisifanywe na wazee peke yao. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, mwanzilishi wa chama cha vijana wafanyakazi ambacho kwetu chajulikana kama VIWAWA, aliwafundisha vijana kuona, kuamua na kutenda wao wenyewe. Vijana wakabidhiwe kalamu na daftari. Mara nyingi wao ndio wajuao ni nani miongoni mwao asiyekula mchana, nao hujua kulificha jambo hilo kwa upole kuliko sisi.

Kile kikundi tulichokitaja kimejaribu tena. Safari ya Juni imeahirishwa hadi Desemba, na wameahidiwa mashamba mawili ya kupalilia. Sanduku lipo nyumbani kwa mama mlezi, na ufunguo anao katekista. Yule kijana wa kwaya amechaguliwa kuandika daftari la hesabu. Jumamosi iliyopita alifika na jembe lake.