Ole Wenu Mnaoficha Kikohozi

Ole wenu mnaoficha kikohozi hemani!

Mto Tana ulipovunja kingo mwishoni mwa 2023, na tena 2024, mlibeba mikeka, sufuria na mbuzi, mkakimbilia miinuko na madarasa ya shule. Mvua hakuna aliyeiita. Lakini mkalala nyumba nzima chini ya turubai moja, mlango umefungwa kwa ajili ya mbu, na mjomba anayekohoa wiki ya tatu mkamlaza katikati ya watoto. Mhudumu wa afya akauliza, "Kuna anayekohoa humu?" Mkajibu, "Hakuna, ni vumbi tu." Vumbi gani, na nje matope yanafika magotini?

Mafuriko hayazai kifua kikuu. Kinatoka kifuani mwa mtu mzima, kinapita hewani, kinamwingia mtoto. Aliye chini ya miaka 5, tena amekondeshwa na njaa, kinaweza kumpanda hadi ubongoni katika miezi michache. Chanjo ya BCG humpunguzia hatari hiyo, haimwondolei. Wala msingoje atoe makohozi: anaacha kucheza, uzito hauongezeki, homa haimtoki. Nanyi mwasema ni meno, mwamfunga hirizi.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Humu hemani hakimuumbui aliyeficha. Kinamchukua aliyelala ubavuni mwake.

Na ninyi viongozi mliokuja na mablanketi na kamera! Mlihesabu mahema, wanaokohoa hamkuwahesabu. Aliyesombewa vidonge na maji katikati ya dozi ya miezi 6, nani alimtafuta? Shule zilipofunguliwa tarehe 13 Mei 2024 na watu wakaondoka madarasani, nani aliandika wagonjwa wameelekea wapi?

Geukeni! Dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Fungueni turubai mchana, hewa ipite. Anayekohoa apelekwe leo, na kila mtoto aliyelala naye apimwe. Asiyeweza kutoa makohozi, hata choo chake kinapimika. Asiyeugua apewe dawa za kinga, azimalize.

Tana utajaa tena. Siku hiyo, kabla ya sufuria, bebeni vidonge vya mgonjwa na kadi ya kliniki ya mtoto. Na mkiulizwa nani anakohoa, semeni jina.