Ahadi ya Dola na Dini ya Jirani

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba dola iliyojitawala haifai kuamrishwa na mataifa mengine katika mambo ya dini. Neno hili lataka kupimwa kabla ya kukubaliwa, na mizani yake tunayo hapa hapa Kenya.

Mwaka wa 1948 Serikali ya Kiingereza iliipiga marufuku Dini ya Msambwa, iliyokuwa na wafuasi wengi baina ya Wabukusu wa Kimilili na wa pande za Kitale na Saboti. Kiongozi wake, Elijah Masinde, alihamishwa akaletwa kwetu pwani, akawekwa Lamu. Mwaka huo huo, tarehe 10 Desemba, Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kila mtu ana haki ya kushika dini yake na kuidhihirisha. Twaweza kusema, huo ulikuwa udhalimu wa mtawala mgeni. Lakini mwaka wa 1968, Kenya ikiwa huru na mwanachama wa Umoja huo, dini ile ilipigwa marufuku tena.

Sisi hatuikubali itikadi ya Msambwa, wala hatusahau kwamba wafuasi wake walituhumiwa kuchoma nyumba. Lakini mchomaji huhukumiwa kwa kuchoma kwake. Jirani yake aliyeomba tu, ana kosa gani?

Wala haki hii si amri ya mgeni. Mwaka wa 1972 Kenya yenyewe iliuridhia mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia, na Katiba ya 2010 yasema kwamba mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria ya nchi. Nasi watu wa pwani tungekuwa wa mwisho kudharau mapatano ya dola, kwani Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana ahadi ya kulinda dini yetu na Mahakama za Kadhi. Je, tuishike ahadi itulindayo sisi, na tuitupe imlindayo mwenzetu?

Mtume wetu (S.A.W.) alifunga mapatano na washirikina pale Hudaibiya, akayatimiza japokuwa yalikuwa mazito kwa Masahaba. Dola ivunjayo ahadi yake haijiongezei uhuru, bali hujipunguzia uaminifu. Basi tusifurahi dini ya jirani ikifungwa. Ukiona mwenzako akinyolewa, zako tia maji.